Mwenye Hospitali Nani?

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba mgonjwa wenu kalazwa Muhimbili, hakuulizi zaidi. Anaguna, "Mh! Muhimbili!" halafu anaanza kupiga hesabu ya nauli ya kwenda kumwona jioni. Jina linatosha. Lakini sijui kama wenzangu mmewahi kujiuliza: Muhimbili ni ya nani? Siulizii kiwanja, kiwanja tunakijua, kiko pale Upanga. Nauliza mwenyewe hasa, yule ambaye mambo yakienda kombo ndiye anayesimama na kujibu.

Jibu la haraka ni "serikali". Haya, serikali. Serikali ipi? Maana ukiingia eneo lile utakuta Hospitali ya Taifa, yenye bodi yake. Utakuta Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, yaani MUHAS, chenye baraza lake. Utakuta Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyopata sheria yake mwaka 1996, nayo ina bodi yake. Ukisogea tena unakuta Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015. Vigogo wote hao wako bega kwa bega, na muuza karanga wa nje anawaita kwa jina moja tu.

Mimi mambo haya nimekulia ndani yake. Mama yangu alikuwa muuguzi pale tangu 1988 hadi alipostaafu 2014, na stori za nyumbani kwetu Mburahati nyingi zilikuwa za wodini. Si za damu na vilio kama mnavyoona kwenye sinema. Zilikuwa za vyeo. Nani kamtuma nani, nani kakataa kusaini, nani hawezi kuagizwa na nani. Asubuhi, anasema, raundi inapofika kitandani inakuwa na watu kumi na kitu wenye makoti meupe. Huyu profesa analipwa na chuo. Huyu bingwa analipwa na hospitali. Wale vijana wenye madaftari ni wanafunzi, hawalipwi na mtu. Yule anayesinzia huku amesimama ni daktari wa mafunzo ya vitendo, kamaliza chuo lakini hajaajiriwa. Mgonjwa yeye anaona "madaktari" na wote anawapa heshima sawa, hadi yule wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi hata kuchoma sindano. Mama alikuwa na njia yake ya kuwatofautisha. Kuna miezi mshahara wa chuo na mshahara wa hospitali haukutoka siku moja, kwa hiyo ukitazama nani anacheka na nani kanuna, unajua huyu ni wa nani.

"Tulipopatana kazi ilikwenda vizuri sana," ananiambia. "Tusipopatana, hakuna wa kutupatanisha pale chini."

Hilo "pale chini" ndilo lililonikaa kichwani.

Historia yenyewe ni kama nguo inayoshonwa na kufumuliwa. Kabla ya Muhimbili palikuwa na hospitali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetoa fedha zake katika miaka ya 1890 ili mji upate pa kuwatibia maskini wake. Jina lake mpaka leo liko kwenye jengo la wodi, jirani na Mwaisela na Kibasila. Mwaka 1956 Waingereza wakaipa hospitali mpya jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Mwaka 1963 ikaanzishwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu. Hapo hospitali na chuo walikuwa majirani wawili wanaochota maji kisima kimoja. Mwaka 1976 serikali ikawaoza: kitivo na hospitali vikawa kitu kimoja, ile MMC ambayo wazee wetu hawajaacha kuitaja. Mwaka 1991 kitivo kikapandishwa cheo kuwa chuo kikuu kishiriki, MUCHS. Halafu mwaka 2000 Bunge likapitisha sheria, MMC ikavunjwa, zikazaliwa taasisi mbili zenye uhusiano wa karibu lakini kila moja ikijitegemea, chuo upande huu na Hospitali ya Taifa upande ule. Mwaka 2007 chuo nacho kikawa chuo kikuu kamili.

Mama anaiita ile ya 2000 "talaka". Anasema wauguzi walibaki na hospitali kama watoto wanavyobaki kwa bibi, hawakuulizwa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa kawaida, na wengi wa wale iliyowagawanya hawakuwahi kuiona kwa macho. (Ni mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadili mambo, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Sisi tunaojiita waandishi wa Kiswahili tujiulize tulikuwa wapi miaka yote hiyo, lakini hiyo ni ngoma nyingine.)

Naomba nieleweke. Siililii ndoa ile ya 1976. Sababu za kutenganisha naziona. Hospitali inataka kununua dawa leo, kuajiri leo, kukusanya fedha na kuzitumia kabla jua halijazama. Chuo kina mihula, mitihani, tafiti za miaka mitano. Mtu mmoja kuviongoza vyote viwili ni kama dereva mmoja kuendesha daladala na meli. Na usidhani wasimamizi ni haba. Juu ya chuo kuna baraza, kuna Tume ya Vyuo Vikuu, kuna Wizara ya Elimu. Juu ya hospitali kuna bodi na Wizara ya Afya. Hesabu za wote zinapitiwa na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na daktari yeyote, awe wa huku au wa kule, anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Tatizo ni kwamba mistari hiyo inapanda sambamba kama reli ya kati. Mstari wa chuo unapanda hadi Waziri wa Elimu, wa hospitali hadi Waziri wa Afya, na mahali pa kwanza inapokutana rasmi ni Baraza la Mawaziri, yaani Ikulu! Sasa fikiria ugomvi mdogo wa nani atumie chumba cha upasuaji siku ya Jumanne. Ama watu wapatane wenyewe kwa roho nzuri, ama upande ngazi zote hizo. Kwa kawaida haupandi. Unafia njiani, na wakati mwingine haufi peke yake.

Hebu tutoke Dar kidogo. Kisa hiki hakikutokea Muhimbili. Kilitokea mkoani, kwenye hospitali moja ya rufaa ambayo nayo hufundisha wanafunzi wa chuo kikuu. Jina silitaji.

Shangazi yangu aliteleza bafuni mwaka 2019 akavunjika nyonga. Kwa kuwa katika ukoo mzima mimi ndiye sikuwa na kazi ya maana (kuandika mashairi hakuhesabiwi), nilitumwa kwenda kumuuguza. Alipangiwa upasuaji Jumatatu. Usiku wa Jumapili akazuiwa kula. Jumatatu saa nane mchana akaja muuguzi: leo haiwezekani, daktari kaitwa kusimamia mitihani ya wanafunzi. Akapangiwa Ijumaa, akazuiwa kula tena, Ijumaa ikafika tukaambiwa chumba kimechukuliwa kwa mafunzo. Jumatano iliyofuata vifaa vilivyochemshwa vilikuwa vimekwisha. Shangazi ana maneno, hata akiwa na maumivu. Akanitazama akasema, "Baba, Ramadhani ya mwaka huu mbona imekuja mara tatu?"

Nikaenda kuuliza. Mkuu wa wodi alikuwa mama mmoja mpole, alinipa kiti kabisa. "Mwanangu, nakuelewa. Lakini yule daktari si wa kwetu, ni wa chuo. Sisi hapa hatuwezi kumwandikia hata barua ya kumuuliza." Nikavuka barabara hadi chuoni. Katibu muhtasi akanisikiliza, akaingia ndani, akatoka. "Kaka, mambo ya wagonjwa ni ya hospitali. Sisi tunaangalia masomo, na mwalimu huyo vipindi vyake vyote kahudhuria." Nikarudi, nikapanda hadi ofisi ya mkurugenzi. Mwenyewe alikuwa safarini. Ukutani palikuwa na fremu yenye majina ya wajumbe wa bodi, yametangulizwa na Prof., Dk., Mhandisi, Wakili. Nikamuuliza karani bodi hukutana lini. Kila robo mwaka. Naweza kuwaandikia? Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Andika tu, weka kwenye sanduku la maoni."

Sanduku lilikuwa kwenye korido ya wagonjwa wa nje, limepakwa rangi ya bluu, kufuli limeota kutu. Ufunguo alikuwa nao bwana mmoja aliyekwenda likizo. Nilichungulia kwenye tundu. Karatasi zimejaa hadi mdomoni. Ya kwangu ilibidi niisukume kwa kalamu.

Sasa ndugu msomaji, jambo linaloniuma ni kwamba katika msafara wote ule hakuna aliyenidanganya. Daktari kweli alikuwa na mitihani, na bila mitihani kesho hatuna madaktari. Muuguzi kweli hakuwa na mamlaka naye. Chuo kweli hakikumwajiri kwa ajili ya nyonga ya shangazi yangu. Ningekutana na mla rushwa ningejua pa kumshtaki, kuna TAKUKURU. Ningekutana na mlevi ningepiga kelele. Nilikutana na watu safi, kila mmoja yuko sawa kwenye kitabu chake, na katikati ya vitabu viwili kuna mwanya, na ndani ya mwanya huo amelala mama wa miaka 61 hajala tangu jana.

Alipasuliwa siku ya 19. Kidonda kikaingia uchafu, akakaa miezi mitatu. Leo anatembea kwa gongo, na shamba lake la ufuta analikodisha.

Risiti ninazo. Sizisemi kwa uchoyo, nazisema kwa sababu ya neno lililoandikwa juu yake: "kuchangia". Tangu mwaka 1993 serikali ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu, sisi walalahoi tumekuwa wachangiaji. Vema. Lakini hapa mjini nani asiyejua michango? Ukichangia harusi unaitwa kwenye kikao. Unakaa kwenye kiti cha plastiki, unapewa soda, mweka hazina anasimama kusoma mapato na matumizi. Mtu akiona ukumbi umelipiwa ghali ananyoosha mkono hapohapo, na siku ya kuvunja kamati salio linatajwa mbele ya wote. Harusi ya usiku mmoja! Hospitali nimeichangia miaka yote na sijawahi kuitwa kikaoni hata kwa soda.

Turudi Dar, maana mwanya ule una historia yake pale, tena iliyoandikwa magazetini. Mwaka 2012 nilikuwa kijana wa sekondari, na nakumbuka Mama akirudi nyumbani usiku viatu mkononi. Mgogoro wa madaktari ulianza kwa jambo dogo kuliko watu wanavyokumbuka: posho za madaktari wa mafunzo ya vitendo pale Muhimbili. Huyu ndiye kiumbe wa mwanya hasa. Chuo kimeshamwachia, hana tena kadi ya uanafunzi. Hospitali inamtumia usiku na mchana lakini si mwajiriwa wake. Posho yake ni ya wizara. Ikichelewa, amwendee nani? Waligoma, wakaondolewa pale ili wapangiwe hospitali nyingine, wakubwa wao wakawaunga mkono, na kuanzia Januari moto ukasambaa nchi nzima. Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali. Mei waziri akabadilishwa. Juni mgomo ukarudi, na kiongozi wa madaktari, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa na kuumizwa vibaya. Suala la posho lililopaswa kumalizwa na mhasibu lilipanda ngazi zote hadi juu kabisa, na kila ngazi liliyokanyaga kuna wagonjwa waliokuwa chini yake.

Halafu ikaja ile ya tarehe 9 Novemba 2015. Hii hata mtoto wa kijiweni anaisimulia. Rais John Magufuli, siku nne tu baada ya kuapishwa, alitokea Muhimbili bila taarifa. Akakuta wagonjwa wamelala chini, akakuta mashine za CT scan na MRI hazifanyi kazi. Siku hiyohiyo bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, Profesa Lawrence Museru akapewa usukani, na ikatolewa wiki mbili mashine ziwe zimetengenezwa. Baada ya hapo sehemu kubwa ya fedha za hafla ya wabunge zikaelekezwa kununua vitanda. Mitaani ilikuwa shangwe. Hata mimi nilishangilia, nani asiyependa kuona kigogo anatokwa jasho?

Mama, aliyekuwa na mwaka mmoja tu tangu astaafu, hakushangilia. Aliuliza swali la kiuguzi: "Na kesho nani anapita raundi?" Kwa lugha ya wodi, daktari anayekuja mara moja akafanya maajabu ni mzuri, lakini mgonjwa anapona kwa yule anayeandika joto lake kila baada ya saa nne. Bodi ndiyo iliyopaswa kuwa na karatasi ya joto. Wagonjwa wakiwa chini na mashine zikiwa zimelala, ni bodi iliyopaswa kujua kabla ya Rais. Ikiwa ilijua ikanyamaza, ilistahili kuvunjwa. Ikiwa ilijua ikasema na hakuna aliyesikia, basi ilivunjwa kwa kosa la wengine. Sisi tuliokuwa tunapiga makofi hatukuona muhtasari wa kikao chake hata kimoja, hivyo tulipiga makofi gizani. Na ziara ya kushtukiza ina ubaya mmoja ambao watu hawautaji: inafundisha nchi nzima kwamba wa kuulizwa ni mmoja tu. Mgonjwa wa Nachingwea naye anakaa kumngojea Rais apite.

Hadithi ya Mloganzila ndiyo inayonipa taabu zaidi, kwa sababu pale kulikuwa na jaribio la kuziba mwanya. Chuo kilikuwa na eneo kubwa huko, nje kidogo ya Barabara ya Morogoro. Kwa mkopo kutoka Korea Kusini ikajengwa hospitali ya kisasa yenye vitanda zaidi ya 500, na tarehe 25 Novemba 2017 Rais Magufuli akaifungua. Hii ilikuwa hospitali ya chuo chenyewe. Mwalimu, tabibu na mwanafunzi chini ya paa moja na mkubwa mmoja, ndoto ya 1976 imerudi kwa nguo mpya. Mshikaji wangu mmoja alikuwa mwaka wa tatu MUHAS wakati huo, alituringishia kijiweni mpaka tukamchoka: "Sasa tuna kwetu!"

Kufika Oktoba 2018, Rais aliagiza uendeshaji utoke chuoni uende Hospitali ya Taifa. Ikawa Muhimbili-Mloganzila, na hivyo ndivyo watu wanavyoijua. Chini ya mwaka mmoja! Chuo kikawa mgeni kwenye nyumba iliyojengwa kwa jina lake, japo wanafunzi waliendelea kwenda pale kujifunza.

Inawezekana uamuzi ulikuwa sahihi. Kuendesha hospitali kubwa si sawa na kuandaa mihadhara, na Hospitali ya Taifa ilikuwa na uzoefu wa miaka mingi na wagonjwa maelfu. Mimi si mtaalamu, siwezi kukaa hapa na kalamu yangu nikasema chuo kilionewa. Ninachosema ni kwamba jambo zito vile, la deni ambalo Watanzania wote tunalilipa, sisi tulilisikia likiwa limekwisha pikwa na kupakuliwa. Baraza la chuo lilishauri nini? Bodi ya hospitali ilisema inaweza kubeba mzigo au haiwezi? Mshikaji wangu, mwanafunzi wa hapohapo, alilipata redioni akiwa kwenye daladala ya Mbezi.

Wakenya wasitucheke, maana kwao yamewakuta yaleyale. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilijengwa iwe ya kufundishia wanafunzi wa chuo hicho. Mwaka 2019 ikafanywa shirika la umma linalojitegemea, na mwaka 2022 mvutano ukahamia kwenye ardhi ya chuo, hadi Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Paul Wainaina, akagongana waziwazi na serikali. Huko angalau waligombana kwa sauti, na kila mwananchi akajua ugomvi unahusu nini.

Mimi ningefurahi hata kwa jambo la kuchosha. Sitaki ziara wala kamera. Nataka bodi inayokutana, halafu baada ya wiki mbili karatasi moja inabandikwa ukutani kwa Kiswahili: tulikutana siku fulani, upasuaji ulioahirishwa ni kadhaa, sababu ni hizi, chuo na hospitali wamekubaliana Jumanne ni ya nani. Nataka kwenye hospitali inayofundisha kuwe na mtu mmoja, mwenye jina na chumba, anayeweza kumuuliza daktari wa chuo na daktari wa hospitali swali lilelile, na wote wakalazimika kumjibu. Na kwenye ile fremu ya ukutani, baada ya Prof. na Mhandisi, nataka jina moja lisilotanguliwa na kitu. Mwenzangu mmoja anasema hilo haliwezekani, mtu wa kawaida atasinzia kikaoni. Asinzie! Kwani maprofesa hawasinzii?

Nimemsomea Shangazi kwa simu. Amesema yeye yuko tayari kuingia kwenye bodi ya hospitali ile, mradi wampe kiti kirefu, maana akikaa chini hanyanyuki.

Kwa hiyo nimeandika barua. Karani yule, ambaye tumekuwa marafiki kwa njia ya simu, kaniambia kikao kijacho ni mwisho wa mwezi na barua lazima ifike wiki mbili kabla. Ni kurasa mbili kwa mkono, kwa Kiswahili. YAH: imekaa sawa, nimeipigia mstari kwa rula kama tulivyofundishwa darasa la sita. Nakala nimeziorodhesha chini: hospitali, chuo, Wizara ya Afya, Wizara ya Elimu. Mama kaisahihisha, kafuta maneno matatu makali na kuongeza moja. Fotokopi nimeshalipia, bahasha ziko tano mezani. Nne zimeandikwa anuani. Ya tano ndiyo ya barua yenyewe, na pale penye "Kwa" Mama ananiambia niandike Mwenyekiti wa Bodi, Shangazi anasema niandike mwalimu wa yule daktari, na posta inafungwa saa kumi.